Kitenge Chini ya Kiti cha Mzee Romano

Pajulu, Arua
Uganda
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Elena,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa miezi yote ambayo sikuandika. Mgongo unaendeleaje? Tumaini aliniambia kwamba umerudi kulima ile bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, ingawa daktari alikukataza kuinama. Sikushangaa. Na Baba Tumaini, sukari yake imeshuka? Mwambie nimeuliza, halafu mwambie kwamba soda ya jioni nayo ni sukari, hata kama anainywa amesimama.

Sisi huku ni wazima. Goti la Mama linamsumbua mvua zikija, na mwaka huu mvua hazitaki kuondoka. Baba ameezeka jiko upya kwa mabati, kwa hiyo mvua ikinyesha hatusikilizani tena wakati wa chakula, jambo ambalo kwa nyumba yetu si baya sana. Mihogo imezaa. Ufuta tumevuna, na kopo utakalopewa pamoja na barua hii ni lako peke yako. Mama ameusaga mwenyewe kwenye jiwe. Anasema ufuta wa mashine una ladha ya mashine.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa kalamu wakati simu zipo. Shangazi, simu yako inasomwa na nyumba nzima. Nikikutumia ujumbe, Rehema anausoma kwa sauti, Tumaini anacheka, na Baba Tumaini anauliza maswali kutoka chumbani. Jambo hili nataka ulisome wewe kwanza. Kwa hiyo nampa barua Prossy, mwalimu mwenzangu, anayekuja Morogoro kumwona dada yake. Nimemwambia akukabidhi mkononi.

Nimechoka, Shangazi. Kazi ya shule sina shida nayo. Hesabu ukiifundisha leo, kesho inabaki vilevile. Watu ndio wanaonichosha, na hasa watu wa kanisa, na hasa wale wazuri.

Unamkumbuka Mzee Romano? Ulipoondoka hapa alikuwa kijana mpiga ngoma. Siku hizi ndiye katekista mkuu wa parokia, mwembamba kama mpini, na miguu yake imeanza kukataa safari. Ana sheria moja ambayo hakuna anayejua aliitoa wapi: katika kanisa letu hakuna mtu anayeruhusiwa kufanya kazi akiwa peke yake. Ukisoma neno, lazima pembeni yako awe mtu anayejifunza kusoma. Ukitembelea wagonjwa, unakwenda na mtu ambaye hajawahi kutembelea mgonjwa, naye ndiye anayeomba, wewe unabeba mfuko wa sukari. Kazi ambayo ningeimaliza kwa nusu saa inachukua mchana mzima, na mwisho wake haijafanyika vizuri.

Niliporudi kutoka kwako na shahada yangu, nilidhani watanipa kuhubiri. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema. Mzee Romano alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa Afedra.

Afedra ni fundi wa matofali. Amepita miaka arobaini, ana watoto wakubwa, na nyumba nyingi mpya za upande huu wa Arua zimejengwa kwa matofali ya tanuru lake. Huko kwenye tanuru anapiga kelele, na vijana wanakimbia. Akiingia kanisani, sauti inabaki mlangoni. Mimi ni mdogo kuliko mdogo wake wa mwisho, lakini ananiita Madam, kama wanavyomwita mwalimu yeyote huku, na kila kitu ananiuliza mimi. Siku moja niko ubaoni, nimewageuzia mgongo wanafunzi wa kidato cha tatu, simu ikatetemeka. Afedra: “Madam, mvua inaingia kanisani kwa madirisha. Tufunge?” Nikamjibu: “Funga.” Akaandika tena: “Yote?”

Nilikwenda kwa Mzee Romano nikamwambia wazi kwamba huyu mtu hawezi, na kwamba namheshimu, lakini hawezi.

“Wewe unaonaje?” akaniuliza.

“Nimekwambia, Mzee. Naona hawezi.”

“Basi endelea kuona.”

Ndivyo anavyojibu maswali yote. Nimemuuliza kuhusu Maandiko, kuhusu ratiba, kuhusu msichana wa kwaya aliyekuwa na mimba, na kila mara ni hilo hilo. Wewe unaonaje. Kama ningeona, ningemfuata kwake juani?

Basi nikaendelea. Nilimfundisha Afedra kusimama bila kushika kitu. Nilimfundisha kusoma bila kukimbia. Nilimwandikia sala, nikamnyang’anya hiyo karatasi, akalia, nikamrudishia nusu. Shangazi, unanijua. Mimi huona kosa kabla sijamwona mtu. Ulikuwa ukiniambia hivyo nikikusaidia kuchambua mchele, kwamba mawe nayaona, mchele siuoni. Nilijitahidi kumsifu, lakini sifa zangu zinatoka zikiwa na pembe. “Leo hukuharibu sana,” ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, na yeye alikwenda kumsimulia mke wake.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwezi wa nane.

Alifariki Mama Sunday, yule jirani yetu wa ng’ambo ya kijito, aliyekuwa akikuazima kinu. Najua ulipata habari. Usichokijua ni jinsi mazishi yalivyokuwa. Mama Sunday alikuwa Mkakwa wa Midia, kule Koboko, aliyeolewa huku kwetu. Wewe unajua desturi, lakini najua pia kwamba mwishowe Baba Tumaini ataisoma barua hii, kwa hiyo nieleze: mwanamke akifa kwa mumewe, hafunikwi mpaka ndugu zake wa kuzaliwa wafike wamwone uso. Wakikuta jeneza limefungwa, huo si msiba tena, ni kesi, na watoto wa watoto wataisikia kesi hiyo.

Mchungaji wetu alifika mapema, maana alikuwa na mazishi mengine upande wa pili wa mji. Mzee Romano alikuwa amempa Afedra kuongoza ibada mpaka Mchungaji atakaposimama kuhubiri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenye mazishi. Jeneza lilikuwa chini ya hema, wazi. Viti vimejaa. Mwenyekiti wa kijiji alikwishatoa hotuba yake, na ile nyingine ya kumalizia hotuba yake. Ndugu wa Midia hawajaonekana. Simu ya Wahabu, dereva wa pikapu iliyowabeba, ilikuwa haipatikani. Na kule juu ya kilima wingu lilikuwa jeusi kama sufuria.

Mchungaji akatazama saa, akamwambia Afedra aanze.

Afedra akanyanyuka. Akashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili, nikasema moyoni, haya, ameshasahau la mikono. Halafu akasema, watu wote wakimsikia, kwa sababu alisahau pia kwamba kipaza sauti kimewashwa:

“Mchungaji, ndugu zake bado hawajamwona.”

“Afedra, mvua haina shemeji. Anza.”

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Mimi nilijua la kufanya, Shangazi. Ningependa kukuambia kwamba nilikuwa na wasiwasi, lakini sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa na uhakika kabisa: mvua inakuja, Mchungaji anaondoka, watu wana njaa, ibada ianze, jeneza liachwe wazi mpaka dakika ya mwisho, na ndugu wakichelewa watakuwa wamechelewa. Nilikuwa nimepanga hata wimbo. Nilichotaka ni kusimama tu, nikichukue kile kipaza sauti kwa upole, nimwambie Afedra akae.

Nikainuka. Sikuinuka.

Mzee Romano alikuwa amekaa karibu nami, na mguu wa kiti chake ulikuwa umekanyaga pindo la kitenge changu, kile cha njano ulichonishonea kwa mahafali yangu. Nilivuta. Nikasikia uzi ukikatika kiunoni. Ningeendelea kuvuta ningebaki na gagulo mbele ya wafiwa. Nikamnong’oneza, “Mzee, kiti.” Mzee alikuwa anatazama mawingu. Nikamgusa mkono. Akanishika vidole, akavipigapiga taratibu, kama mtu anayemfariji mfiwa, na akaendelea kutazama mawingu.

Wakati huo huo Afedra akageuka kunitazama. Wewe hujawahi kuona uso wa namna hiyo. Alikuwa ananiuliza kuhusu madirisha tena. Na mimi nilikuwa nimekaa, nimebanwa, mkono wangu uko mkononi mwa Mzee, uso umekaza kwa hasira ya kitenge.

Akamgeukia Mchungaji.

“Mchungaji, nenda kwa wale wengine. Wao pia wana maiti. Sisi tutangoja.”

Hakuna aliyecheka. Mchungaji akafunga kitabu chake, akaondoka, na vumbi la gari lake likawa la mwisho kabla ya mvua. Na ilinyesha, Shangazi. Vijana waliinua jeneza wakaliingiza sebuleni kwa Sunday, watu wakabanana chini ya hema, maji yanapita kati ya miguu. Afedra alisimama pale pale katikati, amelowa bega moja, akaanza kuwauliza watu mmoja mmoja Mama Sunday aliwafanyia nini. Hilo sikumfundisha. Mimi ningeona ni kupoteza muda. Mwanamke mmoja alisema Mama Sunday alimfundisha kunyonyesha. Ayiko, katibu wa baraza letu, ambaye hapendi mtu, alisema alimpiga kofi akiwa mtoto kwa kuiba mayai, na kwamba lile kofi bado analo. Watu wakacheka, wakalia, wakaimba. Nilikuwa nimeshikwa na kitenge changu katikati ya ibada nzuri kuliko zote nilizowahi kuhudhuria, na nilikuwa nimekasirika mno hata nisiione.

Mvua ilipopungua ndipo pikapu ikaingia, imechafuka mpaka kwenye madirisha. Akashuka kaka mkubwa wa marehemu, mzee mfupi mwenye kofia ya sufi. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Ilionekana kwa jinsi alivyotembea. Hakusalimia. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chetu hiki cha barabara ya Koboko ambacho wanao hukicheka.

“Nani iko mukubwa hapa?”

Afedra akasogea mbele.

“Mumefunga sanduku?”

“Hapana, mzee. Hatukufunga. Sisi iko nangoja wewe.”

“Padri iko wapi?”

“Amekwenda. Sisi tumebaki.”

Yule mzee akafungua mdomo, na ule ugomvi wote aliokuja nao kutoka Midia ukakosa mahali pa kukaa. Akavua kofia. Akaingia ndani akamwona dada yake, na tuliokuwa nje tulimsikia akimwita kwa jina la utoto ambalo hapa hakuna aliyelijua, hata Sunday mwenyewe. Tulizika jua likiwa limeshuka lakini bado lipo. Afedra ndiye aliyesoma. Alikimbia kidogo kwenye kusoma. Sikumwambia.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Kanisani kwetu hakuna linaloishia mahali.

Kwanza, Ayiko alipokauka alirudi kuwa Ayiko. Akapeleka malalamiko kwenye baraza la parokia kwamba Afedra alimfukuza Mchungaji mbele ya watu, kwamba anajifanya askofu, kwamba aondolewe. Pili, wazee wa Midia wakatuma ujumbe. Kule wana kikundi kidogo cha waumini wanaokutana kwenye darasa la shule, hawajawahi kuwa na kiongozi. Wakaomba wapewe “ile mutu ya kungoja.” Kwa hiyo baraza likakaa siku moja kuamua mambo mawili kwa pamoja: kumfukuza Afedra, au kumpandisha. Nikaitwa kama mwalimu wake.

Mchungaji alikuwepo, na nimtendee haki, hakusema neno baya. Alisema tu kwamba alilowa na yeye, huko alikokwenda. Lakini Ayiko alimbana Afedra kwa maswali. Nani alikupa ruhusa? Ulimuuliza nani? Nikamwona Afedra akianza kutafuta kitu cha kushika. Halafu akasema:

“Mimi nilikuwa naogopa. Nilitaka kuanza, kama Mchungaji alivyosema. Nikamtazama Madam. Nilijua kama nimekosea, Madam atasimama. Yeye hawezi kuona kosa akakaa. Alikaa. Alikuwa ameshikana mkono na Mzee Romano, wametulia. Nikajua niko sawa.”

Baraza zima likanigeukia.

Shangazi, nilifungua mdomo kusema kweli. Niliona maneno yote yamepangwa: kiti, kitenge, uzi. Nikamwona Afedra. Alikuwa ananitazama bila kuniuliza kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nipewe yule mtu, hakuwa na swali usoni.

“Ulikaa?” akauliza Ayiko.

“Nilikaa,” nikasema. “Ni kweli.”

Wakampa Midia. Wakampigia makofi. Mke wake alinikumbatia mpaka nikakosa hewa, akaniambia kwamba nyumbani wananiombea kila siku kwa jina, kwamba mimi ndiye wa kwanza kumwamini mume wake.

Niliondoka hapo nikamfuata Mzee Romano njiani, anatembea na fimbo yake, nikamuuliza waziwazi: “Mzee, siku ile ulijua kwamba kiti chako kimekanyaga kitenge changu?”

Unajua alichonijibu. Usiniambie hujui.

Nilimwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mtu mzima, kwamba sioni kitu, ndiyo maana nauliza. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia kwamba kuanzia wiki ijayo nitakuwa na Jada. Jada, Shangazi! Askari mstaafu. Mtu ambaye akipewa kuombea chakula anaanza na uumbaji. Nimetumia miaka miwili kumfanya Afedra aseme neno moja, sasa nitatumia miaka mingapi kumfanya huyu anyamaze? Na ndivyo itakavyokuwa siku zote. Ukishamlea mtu akafaa, anapelekwa kwingine, wewe unaletewa asiyefaa. Nilimuuliza Mzee kama hata siku moja nitabakiziwa mtu aliyekwisha kuiva. Akasema aliyeiva hana haja nami.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Nikitembea kutoka shuleni kila jioni, jambo hili linatembea nami. Ningesimama siku ile, Afedra angenipa kipaza sauti kwa furaha. Ningeongoza vizuri sana. Yule mzee wa Midia angekuta udongo mbichi, na Afedra angekuwa mpaka leo ananiandikia kuhusu madirisha. Huko Midia sasa anaongoza watu, anatatua ugomvi wao, anazika na kufariji, na chini ya yote hayo ameweka kitu kimoja: kwamba Madam alimwamini. Madam hakumwamini. Madam alishikwa na kiti. Nikimwambia, naogopa ataanguka. Nisipomwambia, nimemjengea nyumba juu ya uongo, mimi niliyekuwa nikimkemea kwa kuruka mstari mmoja wa zaburi.

Nilitaka kukuuliza nifanye nini. Kisha nikakumbuka siku ile kanisani kwenu Morogoro, mara yangu ya kwanza kusoma neno mbele ya watu, mwaka wa kwanza wa chuo, nikiogopa kukosea. Nilikutazama. Ulikuwa kiti cha mbele, umetulia kabisa, umefumba macho, nikasema, Shangazi hana hata wasiwasi na mimi. Nilisoma kama mtu aliyezaliwa akisoma. Miezi mingi baadaye Rehema aliniambia kwamba ulikuwa umesinzia, kwa sababu usiku uliopita alikuwa na homa na hukulala. Nilicheka wakati ule. Sikuona kwamba jambo hilo lilikuwa zito. Sikuanza kusoma vibaya baada ya kujua, wala sikufikiri kwamba hukunipenda. Kwa hiyo labda Afedra naye hataanguka. Na wewe, ulikuwa umelala kweli? Hapana, usinijibu. Najua utaniuliza mimi naonaje, na wewe pia nitakukasirikia.

Ijumaa iliyopita Afedra akanipigia simu kutoka Midia. Sauti ilikuwa ya tanuru, si ile ya kanisani. Akaniambia Jumapili hii inayokuja ibada itaongozwa na Betty, mama mmoja wa huko anayeuza mandazi njia ya mpakani, ambaye ana moyo mzuri, lakini akisimama mbele ya watu anatetemeka mpaka kitabu kinapiga kelele. Akaniomba niende. Nikachukua kalamu. Nikamuuliza nihubiri juu ya nini.

“Hapana, Madam. Wewe hutahubiri.”

“Nitasoma?”

“Hapana. Wewe utakaa.”

“Nikae tu, Afedra? Nipande gari mpaka Koboko, nipande boda mpaka Midia kwenye matope haya, ili nikae?”

“Mbele, Madam, mahali Betty atakuona. Nimemwambia Madam akikaa, wewe endelea tu. Kaa kama siku ile.”

Nikamwambia nitafikiri. Akasema ameshatengeneza kiti.

Nimekasirika tangu Ijumaa. Mama anasema hata vyombo ninaviosha kwa ukali. Lakini nimeamua. Nitakwenda. Nitamwambia Afedra habari ya kitenge, yote, pamoja na uzi. Sitamwambia kabla ya ibada, maana wakati huo kazi ni ya Betty. Nitamwambia baadaye, tukila mandazi yake. Nataka nikimwambia kwamba siku ile sikukaa kwa hiari, niwe nimeshakaa kwa hiari walau mara moja, ili awe na kitu cha kusimamia mahali pa kile ninachomwondolea. Betty atakosea. Naona tayari makosa yake na sijawahi hata kumwona. Atashika kitabu vibaya, atasahau matangazo, atamaliza kabla ya wakati, na mimi nitakuwa mbele, mikono mapajani.

Kitenge nimekishona. Uzi wako ulikuwa mwembamba, Shangazi, nimetia mara mbili. Nitakivaa hicho hicho. Mzee Romano hawezi safari ya Midia kwa sababu ya miguu yake, kwa hiyo nitakapotaka kuinuka hakutakuwa na kiti juu ya pindo langu. Niombee.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Baba anauliza kama bado unakumbuka kumenya muhogo kwa mkono wa kushoto. Sunday anashukuru kwa salamu zako za pole. Wape mkono Baba Tumaini, Tumaini mwenyewe, na Rehema msomaji wa ujumbe wa watu. Bibi Upendo wa nyumba ya pili, mwambie mbegu zake za bamia zimeota huku na zinatusumbua kwa wingi.

Mungu akuinulie mgongo wako na akulaze usingizi mzuri, hata ukiwa kiti cha mbele.

Wako akupendaye, mtoto wa kaka yako,

Eyotaru